Maswali ya Wasomaji: Tumbaku Mpya Kwenye Kiko, Usiihukumu Siku ya Kwanza

Barua za kiko safari hii zimekuwa nyingi mno, nyingine mmetuma kwa simu nyingine kwa karatasi, na karibu zote zinazunguka jambo moja: mtu amepata tumbaku ambayo hajaizoea na hajui aishike vipi. Kabla sijaanza niseme mawili. Sheria yetu ya Uganda ya kudhibiti tumbaku ya 2015 inakataza matangazo ya tumbaku, kwa hiyo hapa sitaji kampuni, duka wala bei, nazungumzia majani na namna yanavyotengenezwa, basi. La pili, nawajibu watu wazima ambao tayari wanavuta. Kama huvuti, endelea hivyo hivyo, na huko mbele kuna kijana nimemjibu kwa moyo wangu wote, msome naye.

SWALI: Mzee, habari za siku nyingi. Mi ni mstaafu, nakaa Jinja, kiko nimevuta tangu ujana na tumbaku yangu ni ileile ya nyuzinyuzi ya kahawia. Juzi mkwe wangu amerudi kutoka Denmark kaniletea kopo, kufungua ndani si nyuzi, ni vipande vyembamba vimepangwa. Nikavikatakata nikajaza kiko, kikazima, nikawasha, kikazima tena, ulimi ukaungua mpaka chai ya jioni sikuisikia ladha, na mwisho maji yakaanza kukoroma ndani ya bomba. Mkwe kila akipiga simu anauliza naionaje, naona haya kumjibu. Niitupe ama nimpe mtu?
Msomaji, Jinja

JIBU: Usiitupe mzee mwenzangu, na usimpe mtu bado. Hiyo tumbaku haijapata nafasi ya kujieleza, wewe umekutana na maji yake tu.

Ulicholetewa wavutaji wanakiita fleki. Majani yanapangwa, yanashindiliwa kwa mashine kwa uzito mkubwa, mara nyingine na joto kidogo, yanakaa hivyo mpaka yanashikana yawe kitu kimoja, kisha yanakatwa vipande vyembamba. Mara nyingi ni jani la Virginia, yaani aina hiyohiyo inayolimwa hapa kwetu Bunyoro na West Nile, ile inayokaushwa kwa joto ndani ya bani, yaani banda la kukaushia. Kwa sababu inakaushwa haraka sukari ya jani inabaki ndani, na sukari ndiyo inaleta utamu, lakini hiyohiyo ndiyo inaunguza ulimi ukivuta kwa pupa. Sasa fleki inafungwa kwenye kopo ikiwa na unyevu mwingi ili isikauke njiani na isivunjike. Wewe umeitoa koponi ukaiweka moja kwa moja kwenye kiko, tena Jinja, ziwa lipo hapo mlangoni na hewa yenyewe imebeba maji. Ukawasha, moto ukapigana na maji, ukavuta kwa nguvu ili usizime, na ukivuta kwa nguvu unatengeneza mvuke. Mvuke ndio uliokuunguza ulimi. Na yale maji yanayokoroma kwenye bomba ni mvuke huohuo umepoa.

Fanya hivi. Toa vipande viwili, vitatu, vya kutosha kiko kimoja, vingine funika kopo palepale. Visugue taratibu katikati ya viganja mpaka viachane, vibaki nyuzi na chembe, usisage mpaka viwe unga. Tandaza kwenye karatasi nyeupe, gazeti la jana halifai wino wake unanuka, weka mahali penye kivuli na hewa. Acha nusu saa urudi uangalie. Msimu wa mvua itakuchukua saa nzima au zaidi, usihesabu saa sana, tumia vidole: bana kidogo kwa kidole gumba na cha shahada halafu achia. Ikibaki imeshikana bonge, bado mbichi. Ikifunguka yenyewe polepole na haivunjiki, hapo tayari. Ikikatika kwa mlio mkavu umepitiliza, na tumbaku kavu sana nayo inawaka mbio na inachoma. Usiianike juani, na tafadhali usiiweke jikoni karibu na mukene, wale dagaa, tumbaku inanyonya kila harufu inayopita.

Kujaza nako kunataka subira. Chini weka kwa kudondosha tu, usikandamize, katikati gusa kidogo, juu shindilia kiasi. Kabla hujawasha vuta hewa tupu: ipite ikiwa na uzito kidogo lakini mashavu yasifanye kazi. Ikigoma, mwaga uanze upya, manake kiko kilichojazwa vibaya hakitengenezeki katikati ya safari. Ukitumia kiberiti cha njiti ngoja kile kichwa kiungue kwanza ndipo usogeze moto, la sivyo pafu la kwanza unakunywa baruti. Zungusha moto juu yote, tumbaku itainuka na kuvimba, irudishe chini kwa msumari wa kichwa bapa, taratibu, halafu washa mara ya pili. Huo moto wa pili ndio wa kuvutia. Na kikizima, kimezima, hakuna mashindano hapo, washa tena. Mimi fleki nawasha tena na tena na sioni ubaya wowote.

Sasa kuvuta. Vuta kidogo, ngoja, vuta kidogo, moshi uishie mdomoni usiuteremshe kifuani. Weka kichwa cha kiko shavuni: ukishindwa kukivumilia kwa joto, kiweke chini kipoe hata kama kitazima. Hapo ndipo utaanza kusikia vitu ambavyo siku ile hukuvisikia, harufu ya nyasi kavu, ya asali, kitu cha machungwa kwa mbali, inategemea jani. Kunywa maji ya kawaida pembeni. Siku za kuonja weka mbali waragi na pilipili, utaonja hivyo badala ya tumbaku.

Jambo jingine, mzee, badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Tumia kiko kilekile ulichozoea, kikiwa kikavu na kimesafishwa kwa ule waya wenye manyoya ya pamba, saa ileile unayovutaga siku zote. Ukibadilisha tumbaku na kiko na saa kwa mpigo, ikiwa mbaya hutajua nani mwenye kosa. Na usivute na njaa. Fleki nyingine zina nikotini nzito, ikikupanda utasikia kwikwi, jasho la baridi, mate yanajaa mdomoni. Ukiona kwikwi, weka kiko chini, kaa, kunywa kitu chenye sukari, na siku hiyo usirudie.

Nusu kopo ndiyo nampa tumbaku yoyote mpya kabla sijasema lolote juu yake, na siku hazifuatani, unaruka ulimi upone. Ulimi wako sasa hivi una jeraha, hata tumbaku bora kuliko zote itakuuma. Pumzika kwanza wiki moja. Mkwe ukimpigia mwambie ukweli kwamba unaikausha, ukishaijua utamwambia, mtu aliyekubebea kopo toka Denmark anastahili jibu la kweli, na akisikia unaihangaikia atafurahi kuliko kuambiwa ni nzuri halafu akute umeigawa.

SWALI: Mzee, mume wangu anasoma sana ukurasa wako. Anavuta kiko sebuleni, anasema moshi wa kiko si kama wa sigara, unanukia vizuri na hauna shida. Tuna mtoto wa miaka mitatu kifua chake kinabana. Mwambie wewe, mimi nimechoka.
Mama, Mukono

JIBU: Namwambia. Ndugu yangu, moshi wa kiko ni moshi wa tumbaku, sumu zake ni zile zile, na kunukia vizuri hakuondoi kitu. Mtoto mwenye kifua cha kubana hata harufu iliyobaki kwenye shati lako inamsumbua. Toka nje, mbali na madirisha, kila mara, mvua inyeshe au isinyeshe, badilisha shati ndipo umbebe. Na barua hii mama ameiandika akisema amechoka, isikilize.

SWALI: Mzee kuna jamaa kaniuzia tumbaku ya kiko ya mchanganyiko, kuifungua inanuka moshi wa kuni, kama nyumba iliyoungua. Nimemrudishia anasema ndivyo ilivyo. Nimeibiwa?
Msomaji, Mbarara

JIBU: Hujaibiwa. Humo ndani kuna Latakia, jina lake limetoka kwenye bandari ya Syria ingawa leo nyingi inatoka Kupro. Jani lenyewe ni dogo, la jamii ya tumbaku za Mashariki, yaani za upande wa Uturuki, linakaushwa kwanza juani kisha linaning'inizwa ndani ya chumba na chini yake panafukizwa kuni na vichaka vyenye harufu, moto hauwaki, unafuka tu, wiki kwa wiki mpaka jani linakuwa jeusi. Wewe ni wa Mbarara, umeona vyombo vya maziwa vinavyofukizwa kwa nyasi mpaka maziwa yanabeba ile harufu. Ndio hivyo hivyo.

Kwa mtu aliyezoea Virginia peke yake, siku ya kwanza Latakia inatisha puani kuliko mdomoni. Ukiiwasha utashangaa ni laini, haing'ati ulimi sana kwa sababu haina sukari nyingi. Kwa kawaida haivutwi peke yake, inachanganywa na Virginia na majani mengine ya Mashariki, na mchanganyaji ndiye anaamua iwe ndogo au itawale. Ninachokuomba ni kimoja: itengee kiko chake. Kiko cha mti wa briar kina matundu madogo yanayoshika harufu, ukivutia Latakia leo, wiki ijayo tumbaku yako ya kawaida itakuja na moshi wa kuni na utafikiri imeharibika. Kama huna kiko cha pili, kile cha gunzi la mahindi ndicho cha bei nafuu na kinatosha kabisa kwa majaribio.

Na siku ukikutana na tumbaku nyeusi yenye ukali wa pilipili na harufu ya matunda yaliyoiva sana, usiirudishe nayo, hiyo ni Perique. Inatoka parokia, yaani kama wilaya, ya St. James huko Louisiana, Marekani, majani yanashindiliwa ndani ya mapipa ya mbao, yanatolewa yanapigwa hewa yanarudishwa, yanachachia maji yake yenyewe kwa karibu mwaka mzima. Inatiwa kidogo tu kwenye mchanganyiko, ukiikuta nyingi kaa chini uivute.

SWALI: Mzee jambo. Mwenzangu yuko kazini nje, anataka kuniletea tumbaku ya kiko ya vanila na nyingine ya cheri, anasema huko kila mtu anavuta. Nina swali moja, zinakaa muda gani zikishafunguliwa?
Msomaji, Bombo

JIBU: Muda wa kukaa tuuache, kuna jambo kubwa zaidi. Sheria yetu ya 2015, hiyohiyo iliyopiga marufuku shisha, sigara za umeme na tumbaku ya kutafuna, imekataza pia kuingiza na kuuza tumbaku iliyotiwa fleva. Vanila na cheri ni fleva. Kampuni iliyopinga sheria hiyo ilienda mpaka Mahakama ya Katiba na mwaka 2019 kesi ikatupwa, kwa hiyo hapo hakuna cha kusubiri. Mwambie mwenzako aziache huko huko, asije akasumbuka Entebbe kwa zawadi.

Akitaka kukuletea kitu, alete jani tupu, Virginia au Burley, aina nyingine ya jani, au mchanganyiko usio na manukato, na asizidishe. Kanuni za forodha za Afrika Mashariki zinamruhusu msafiri gramu 250 za tumbaku za jumla bila ushuru, na makopo mengi ya kiko ni gramu 50, kwa hiyo makopo matano yamejaza hesabu, hapo asiongeze paketi ya sigara juu yake. Zaidi ya hapo atangaze alipe.

Na kwa upande wa kuvuta tu, hukosi mengi. Nyingi ya hizo za vanila zinatiwa propileni glaikoli ili zisikauke, unaitandaza mchana kutwa ukiishika bado inanata, na ulimi unaungua kuliko wa yule mzee wa Jinja. Kinachonukia ni chumba, anayevuta mwenyewe anabaki na maji ya moto mdomoni.

SWALI: Mzee, mimi nalima tumbaku huku Arua, baba alilima na babu alilima. Nakausha kwenye bani, yote inaenda kampuni, na siku moja sijawahi kuvuta jani langu mwenyewe kwenye kiko likawa zuri. Nimejaribu lililotoka banini wiki hiyo, nikalikata nyembamba, likanikwaruza koo na harufu yake ni kali inaingia machoni. Wazungu wanafanya nini ambacho mimi sifanyi?
Mkulima, Arua

JIBU: Barua hii nimeisoma nikaiweka kando nikairudia, nimeipenda sana. Ndugu yangu, hufanyi kosa lolote, unaharakisha tu. Jani linalotoka banini limekauka lakini halijaiva. Ile harufu inayoingia machoni ni amonia na vitu vingine vya jani bichi ambavyo vinaondoka kwa muda, na muda wenyewe si wiki. Wenye viwanda wanalifunga jani kwenye marobota wanaliacha mwaka, miwili, mengine mitatu, linachacha polepole sana, ukali unashuka na rangi inakolea. Wanachokuzidi ni ghala la kungojea.

Anza na kuchagua. Wewe unajua kuliko mimi kwamba jani la chini la mche ni jepesi na la juu ni nene lenye nikotini nyingi. Kwa jaribio la kwanza chukua ya katikati, usianze na ya juu. Toa ule mshipa mkubwa wa katikati wote, haufai kwenye kiko, unawaka vibaya na moshi wake unakwaruza, nadhani sehemu ya lile koo lako ni mshipa huo. Majani yakiwa yamelainika kwa hewa ya asubuhi, yasilowe, yapange yakiwa wazi moja juu ya jingine, funga kwa kitambaa safi cha pamba, weka kati ya mbao mbili na juu yake mawe mazito, au kama una jeki ya gari na fremu imara tumia hiyo. Acha wiki kadhaa. Kila baada ya siku chache fungua unuse na uangalie, ukiona ukungu mahali, robota lote limeharibika, tupa. Usifunge kwa kaveera, mfuko wa plastiki, kamwe, linatokwa jasho ndani na linaoza. Baadaye kata nyembamba kwa kisu kikali, tia kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko cha kukaza, andika mwezi na mwaka, weka kwenye giza. Onja kidogo baada ya miezi sita, ufunge tena. Mwaka wa pili ndio utajua una nini.

Ukipata nafasi panda miche michache ya Burley pembeni. Hiyo haiingii banini, unaining'iniza kivulini kwenye hewa wiki nne mpaka nane, sukari yake karibu yote inaisha, inabaki na ladha kavu ya karanga na kakao. Changanya kidogo na Virginia yako, moto utatulia na ulimi utapumzika. Watu wengi wanaovuta kiko duniani wanavuta mchanganyiko huo bila kujua umelimwa na nani, wakati wewe utaujua mpaka mfereji uliomwagilia.

Lakini kuna matatu nisiyoweza kunyamaza. Kama unalima kwa mkataba soma mkataba wako kabla hujabakisha hata jani moja, kampuni iliyokupa mbegu na mbolea inaweza kudai lote. Watoto wasiingie shambani kuvuna asubuhi majani yakiwa na umande, nikotini inapita kwenye ngozi yenye maji, mtoto anatapika, kichwa kinamzunguka, watu wanasema ni malaria na wala si malaria, na hata wewe mkubwa vaa mikono mirefu. Na kuni za bani zinamaliza miti ya West Nile mbele ya macho yetu, panda mikaratusi yako mwenyewe ya kukaushia, usikate ya porini.

SWALI: Mzee, nina miaka 19, niko chuo hapa Kampala. Hosteli kuna wenzangu wameanza kuvuta kiko, wanasema ni salama manake humezi moshi. Nianze na tumbaku gani iliyo laini?
Msomaji, Kampala

JIBU: Mwanangu, usianze na yoyote. Kwanza kisheria hapa Uganda aliye chini ya miaka 21 haruhusiwi kuuziwa tumbaku, na huko hosteli na chuoni kuvuta ni marufuku, pamoja na mita 50 kuzunguka hapo. Lakini hata sheria isingekuwepo jibu langu lingekuwa hilohilo. Si kweli kwamba ni salama. Nikotini ya kiko inaingia kwenye damu kupitia ngozi ya ndani ya mdomo, huhitaji kumeza moshi ndipo ikushike, na ikishakushika utakuwa unaitafuta asubuhi kabla ya chai. Kansa ya mdomo, ya koo, ya umio, ya mapafu, zote zinawapata wavuta kiko. Taasisi ya Saratani iko pale Mulago tangu 1967, si mbali na hosteli yako, na waliolala mle hawakuambiwa mapema kama ninavyokuambia wewe leo.

Sisi wazee unaotusoma hapa tulianza enzi ambazo hakuna aliyetueleza, na wengi wetu kuacha kumetushinda. Wewe hujaanza, huna cha kuacha. Wenzako wakikucheka nitumie tena barua, nitakujibu hata kama ukurasa umejaa.

SWALI: Mzee, bibi aliniachia kiko chake cha udongo cheusi chenye mti mrefu. Sitaki kukiharibu. Naweza kujaribia tumbaku mpya ndani yake ama nikiweke ukutani?
Msomaji, Kabale

JIBU: Kivute, dada yangu, kama tayari wewe ni mvutaji, bibi hakukuachia kikae ukutani. Tena kwa kuonja tumbaku mpya mimi naona udongo unashinda vyote. Haujiongezei ladha yake, kile kilichomo kwenye jani ndicho kinachokuja, kizuri na kibaya. Ubaya wake ni joto, kichwa kinachemka vidole haviwezi, ndio maana ya ule mti mrefu, shika mti na uvute kwa utaratibu kuliko unavyovuta cha briar.

Kikishajaa lami na ladha ikachanganyika usikikwangue kwa kisu. Toa mti kwanza, weka kichwa pembeni ya sigiri kipate joto taratibu, kisha kisogeze juu ya makaa, mwisho kifukie ndani, lami inaungua yote, kiache humohumo mpaka makaa yapoe yenyewe. Ukikitoa kikiwa cha moto ukakiweka kwenye sakafu ya baridi kitapasuka. Kabla ya yote kikague kwenye mwanga, kama kina ufa hata mwembamba kama unywele, hapo nakubaliana na wewe, kiweke ukutani. Sisi Afrika Mashariki tumewahi kuwa hata na lile jiwe jeupe jepesi linaloitwa meerschaum, lilichimbwa Amboseli na viko vyake vikatengenezwa Arusha, ukikikuta kwa mzee yeyote huko mpakani usikiache, nacho hakishiki ladha ya jana.

SWALI: Mzee, nimefungua kopo nililoliweka tangu mwaka jana, juu ya tumbaku kuna weupe. Ni ukungu ama ni sukari? Naivuta?
Msomaji, Entebbe

JIBU: Ipeleke kwenye mwanga wa jua na kioo cha kukuzia, hata kamera ya simu ukikuza inatosha. Weupe ukiwa ni chembe ngumu zinazometameta, zimelala bapa juu ya jani, na kopo linanukia matunda na siki kidogo, hiyo ni tumbaku iliyozeeka vizuri, Virginia ya kushindiliwa inafanya hivyo. Weupe ukiwa na manyoya, umesimama, unaunganisha jani na jani kwa utando, na harufu ni ya nguo iliyolowa ikafungiwa, huo ni ukungu. Usitoe sehemu mbovu ukabakisha nyingine, usianike juani ukidhani utakufa, tupa yote, moshi wa ukungu unaingia kifuani. Entebbe unyevu ni mwingi, makopo ukishayafungua hamishia tumbaku kwenye chupa ya kioo siku hiyohiyo, mikono mikavu, chupa kavu. Hilo kopo lioshe kwa maji ya moto na ulikaushe vizuri kabla hujaweka kitu kingine.